Saa Chache Muscat: Namna ya Kupanga Matembezi Mafupi Unaposubiri Ndege ya Pili

Tiketi za bei nafuu kutoka Afrika Mashariki kwenda Asia au Ulaya mara nyingi huwa na pengo refu katikati. Ndege ya kwanza inakufikisha Ghuba alfajiri, ya pili inaondoka jioni, na kati ya hizo mbili unabaki na saa tisa, kumi au kumi na mbili, ambazo wasafiri wengi huzimaliza wakiwa wamejikunyata kwenye viti vya uwanja wa ndege. Saa hizo zinatosha kabisa kutoka nje, kutembea, kula na kurudi kwa utulivu, ilimradi mtu akubali mapema kwamba ataona upande mmoja tu wa mji na kuuacha uliobaki. Asiyekubali hilo huishia kuuona mji kupitia dirisha la taksi.

Nitatumia Muscat, mji mkuu wa Oman, kama mfano wangu. Ni mji ninaoupenda, umekaa vizuri kwa mtu mwenye siku moja pungufu, na msemaji wa Kiswahili anaposhuka pale hukutana na maneno, vyakula na harufu alizokwisha kuzizoea nyumbani. Hata hivyo njia ya kupanga, hasa ile ya kuhesabu saa, itakufaa katika mji wowote usioujua.

Hesabu saa kuanzia mwisho

Kabla ya kufungua ramani, chukua kalamu na karatasi. Andika saa ya kuondoka ya ndege ya pili juu kabisa, kisha teremka ukirudi nyuma. Watu wengi huanza na saa ya kutua, wakaongeza vivutio kimoja baada ya kingine, na wanapofika chini ya karatasi ndipo wanapogundua kwamba ndege imekwisha kuruka. Ukianzia mwisho, huwezi kujidanganya.

Tuchukue mfano. Ndege yako inatua saa 06:05 kwa saa ya tiketi, yaani saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, na ya pili inaondoka saa 17:20, yaani saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Kwa jumla una saa 11 na robo. Ondoa saa 3 za mwisho, kwa sababu huo ndio muda wa kufika uwanjani mapema kwa safari ya kimataifa bila kukimbia. Ondoa pia saa 1 na robo ya mwanzo, kwa ajili ya kushuka, kutembea hadi uhamiaji, kupanga foleni, kubadilisha fedha na kupata usafiri. Zimebaki saa 7, kuanzia saa moja na dakika ishirini asubuhi hadi saa nane na dakika ishirini mchana. Sasa ondoa muda wote wa kuwa barabarani, ambao kwa njia nitakayoieleza ni kama saa 1 na dakika 40, halafu weka akiba ya dakika 40 kwa ajili ya msongamano, taksi iliyochelewa au mguu uliochubuka. Matembezi yenyewe ni saa 4 na dakika 40. Hizo ndizo saa zako za kweli, na mipango yote ijengwe juu yake.

Hesabu hii ina mitego miwili inayotupata sisi zaidi kuliko wasafiri wengine. Wa kwanza ni saa zetu. Anayefikiri kwa saa za Kiswahili, akaona 14:20 kwenye tiketi, hubadilisha kichwani haraka, na anapokuwa na usingizi hubadilisha vibaya. Kwa hiyo andika kila saa kwa namna zote mbili kwenye karatasi hiyo hiyo, na ukumbuke kwamba Oman iko mbele ya Tanzania na Kenya kwa saa moja. Mara tu ndege inapotua, hakikisha simu imebadilika, na kama unavaa saa ya mkononi irekebishe papo hapo. Mtego wa pili ni ndege za usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 14 saa 00:30, ndege hiyo inaondoka usiku ambao kwa mazoea yetu bado tunauita usiku wa tarehe 13. Nimekwisha kuona watu wakifika uwanjani siku nzima baada ya ndege yao kuondoka, wakiwa na tiketi mkononi na uhakika kamili moyoni.

Kama hesabu yako inakuachia chini ya saa tatu za matembezi, ushauri wangu ni ubaki uwanjani. Kutoka nje kwa wasiwasi, huku ukitazama saa kila dakika tano, hakukupi mji wala pumziko.

Viza na mizigo

Mambo haya mawili yanaamua kama utatoka au hutatoka, na yote yanashughulikiwa ukiwa bado nyumbani. Masharti ya kuingia Oman hutegemea pasipoti yako, na kwa baadhi ya nchi hubadilika mara kwa mara, hivyo usitegemee alichokwambia jirani aliyesafiri mwaka juzi. Viza ya Oman huombwa kwa njia ya mtandao kupitia tovuti rasmi ya Polisi ya Kifalme ya Oman. Angalia hapo wiki kadhaa kabla, na ukiipata, ichapishe kwenye karatasi.

Kuhusu mizigo, swali ni moja tu, nalo liulizwe kwenye kaunta ya shirika la ndege unapoanzia safari: «Begi hili linafika mwisho wa safari, au nalichukua njiani?» Msimamizi akikujibu, tazama mwenyewe kile kibandiko kirefu kinachofungwa kwenye mpini wa begi, uone herufi tatu za mji wa mwisho. Herufi za Muscat ni MCT. Ukiziona hizo peke yake, begi lako litashukia Muscat, na utalazimika kulichukua, kulitafutia mahali pa kuliweka, na kulipima upya jioni. Hali hiyo huwapata hasa walionunua tiketi mbili mbalimbali, na wao waongeze saa nzima katika makato yao.

Begi la mkononi liwe dogo kiasi cha kulibeba saa tano bila kulilaani. Ndani yake weka maji, nguo nyepesi ya kubadilisha, mswaki, mtandio au shuka jepesi, betri ya akiba ya simu, na karatasi ile ya saa. Plagi za Oman ni za pini tatu za mraba kama za Tanzania na Kenya, kwa hiyo chaja yako ya nyumbani itaingia ukutani bila kifaa kingine.

Mji uliolala kama uzi

Muscat haina kitovu kimoja kama Dar es Salaam ilivyo na Posta. Imebanwa kati ya milima mikavu ya mawe ya kahawia na bahari, ikajinyoosha kando ya pwani kwa makumi ya kilomita, mtaa baada ya mtaa, ikiunganishwa na barabara kuu ya Sultan Qaboos. Uwanja wa ndege uko upande wa magharibi, Seeb. Mji wa kale na bandari ya Mutrah viko mashariki, umbali wa takriban kilomita 30. Kati ya hapo na hapo, karibu zaidi na uwanja, kuna Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos.

Ukiielewa picha hiyo, njia inajipanga yenyewe. Unaondoka uwanjani kuelekea mashariki, unasimama msikitini, unaendelea hadi mwisho wa uzi kwenye mji wa kale, kisha unarudi nyuma kidogo hadi Mutrah, na kutoka Mutrah unarudi uwanjani kwa mkupuo mmoja. Hakuna kupita mahali mara mbili isipokuwa wakati wa kurudi. Katika mji wowote mgeni, tafuta kwanza umbo hili: uwanja uko wapi, vile viwili au vitatu unavyovitaka viko wapi, na kama vinaweza kufungwa kwenye uzi mmoja. Kinachobaki nje ya uzi kiache, hata kama ni kizuri.

Nalisema hili kwa uchungu. Mara ya kwanza nilipopita Muscat nilikuwa na orodha ya sehemu saba. Nilianzia ufukwe wa Qurum, nikarudi nyuma kutafuta mahali pa kula palipokuwa pamesifiwa, nikaenda kuitazama Nyumba ya Opera ya Kifalme, na nilipofika kwenye geti la Msikiti Mkuu ilikuwa saa tano na dakika kumi asubuhi. Wageni wasio Waislamu huruhusiwa kuingia kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, siku zote isipokuwa Ijumaa. Mlinzi aliniambia hivyo kwa upole, akanionyesha ubao wenye saa, nami nikabaki nje ya ukuta nikitazama ncha za minara. Kitu nilichokuwa nimekitamani kuliko vyote ndicho nilichokipanga mwishoni. Tangu siku hiyo, lenye saa ya kufungwa hutangulia, na lisilofungwa, kama vile ufukwe au barabara, husubiri.

Kwa usafiri, taksi ndiyo njia ya mtu mwenye saa chache. Iagize kwa programu ya simu inayoitwa Otaxi, ambayo hukuonyesha bei kabla ya kupanda. Kama unasimamisha taksi za barabarani, zile za rangi ya machungwa na nyeupe, mkubaliane bei kabla mlango haujafungwa. Mabasi ya umma ya Mwasalat ni safi na ya bei ndogo, na yapo yanayounganisha uwanja na eneo la Ruwi, ambako unabadilisha kwenda Mutrah, lakini kusubiri na kubadilisha hula muda ambao huna. Basi nalipendekeza kwa mwenye siku mbili.

Neno moja kuhusu fedha, kwa sababu linatuchanganya sana sisi tuliozoea maelfu. Riali moja ya Oman hugawanywa katika baisa 1,000, na bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Ukiona 1.500, hiyo ni riali moja na nusu, wala si elfu moja na mia tano. Na riali yenyewe ni fedha nzito, kwani thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha karibu dola 2.60 kwa riali moja. Badilisha kidogo tu uwanjani, kiasi cha taksi, chakula na zawadi ndogo, maana kinachobaki utakibadilisha tena kwa hasara.

Asubuhi: msikiti, kisha ngome

Ukitoka uwanjani saa moja na nusu asubuhi, utakuwa msikitini kabla ya saa mbili, na hapo ndipo unapotakiwa kuwa. Mabasi makubwa ya watalii huja baadaye. Mavazi yashughulikiwe tangu nyumbani: mwanamke afunike nywele, mikono hadi kwenye viganja na miguu hadi kwenye vifundo, mwanamume avae suruali ndefu na shati linalofunika mabega. Asiye na vazi linalofaa anaweza kukodi abaya pale pale, lakini huko ni kupoteza fedha na dakika kwa jambo ambalo kanga mbili zingelimaliza.

Msikiti huu ulifunguliwa mwaka 2001, nao ni zawadi ya Sultan Qaboos kwa taifa lake. Ndani ya ukumbi mkuu kuna zulia la kipande kimoja lenye ukubwa wa mita za mraba zaidi ya 4,300, lililofumwa kwa mkono na wanawake wa Iran kwa muda wa miaka minne, na juu yake inaning'inia taa ya kioo yenye urefu wa mita 14. Wageni hupita juu ya njia iliyotandikwa ili zulia lisikanyagwe. Ushauri wangu ni kuwa ukifika katikati ya njia hiyo, simama kando, weka simu mfukoni, na utazame zulia kwa kuanzia miguuni pako kuelekea mbali, polepole, kwa sababu picha ya simu hukuonyesha rangi tu. Ukubwa wake unaonekana kwa macho yanayosafiri. Kisha toka ukatembee chini ya matao marefu ya nje, ambako jua la asubuhi huingia kwa vipande kwenye sakafu ya marumaru. Saa moja na robo inatosha. Muislamu anayepita wakati mwingine wa siku anaweza kuingia kwa ajili ya sala, na kwake mpango huu unalegea kidogo.

Kutoka hapo ni kama nusu saa hadi mji wa kale wa Muscat, mahali padogo kuliko watu wanavyotazamia. Kuna Kasri ya Al Alam, yenye nguzo za buluu na dhahabu, ambayo hutazamwa kwa nje tu, na nyuma yake, juu ya miamba miwili inayokumbatia ghuba ndogo, kuna ngome za Al Jalali na Al Mirani. Zilijengwa na Wareno katika miaka ya 1580, miaka michache tu kabla Wareno hao hao hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Waomani waliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, wakaichukua na Ngome ya Yesu. Aliyekulia Mombasa akisimama pale kwenye ghuba, akatazama kuta zile zilivyopanda juu ya mwamba, atajua anachokitazama bila ya kusomewa kibao.

Mbele ya kasri iko Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 2016. Ni nzuri, na ndiyo sababu nakuomba usiingie kama una saa nne tu. Inahitaji saa mbili kwa uchache, na makumbusho yanayokimbiwa huacha uchovu wa miguu bila kitu kichwani. Jua likiwa kali mno, yaani kati ya mwezi wa Mei na Septemba ambapo joto hupita nyuzi 40, geuza mpango: ingia makumbusho yenye ubaridi, na ufupishe Mutrah.

Mutrah, mahali pa kukaa

Kilomita chache kurudi nyuma kando ya maji ndipo ilipo Mutrah, nami ningependa umalize saa zako nyingi hapa. Ni bandari ya zamani, ghuba iliyozungushiwa nyumba nyeupe za baraza, na barabara ya miguu kando ya bahari wanayoiita Kornishi. Upande mmoja kuna soko la samaki, ambalo kwa kweli ni la asubuhi mapema. Ukifika saa nne na nusu utakuta jodari wakubwa wamekwisha kukatwa, ila bado inafaa kupita. Upande mwingine, juu ya kilima cha Riyam, kimesimama chetezo kikubwa cheupe, kikubwa kama jengo, ambacho kwa mgeni wa Kizungu ni umbo la ajabu, lakini kwa mtu wa pwani ni kile kile kifukizo cha nyumbani kilichokuzwa.

Soko la Mutrah linaingiliwa kutoka Kornishi. Jina lake la zamani, Souq Al Dhalam, maana yake ni soko la giza, kwa sababu vichochoro vyake vilikuwa havipitishi jua. Sasa kuna taa na paa la mbao. Duka za mwanzo kabisa, zile za mlangoni, huuza vitu vya watalii wa meli, vingi vyao vikiwa vimetengenezwa nchi nyingine. Pita bila kusimama. Ingia ndani, kata kona mara mbili, na utafika kwenye vitambaa, kofia, fedha, udi na ubani. Kofia utazitambua; wao wanaziita kumma, lakini mshono wa tundu na mauwa yake ni ndugu wa moja kwa moja na kofia za Unguja.

Ubani ndio zawadi ninayoipendekeza kuliko zote: ni mwepesi, haumwagiki, hauozi, na unatoka Oman yenyewe, kwenye miti ya Dhofar upande wa kusini. Ila ununue kwa utaratibu. Mara ya pili nilipopita nilisimama kwenye duka la mzee mmoja, nikaanza kuuliza bei kwa Kiingereza changu cha haraka, huku nikimsemesha mwenzangu kwa Kiswahili pembeni. Mzee akainua uso.

«Karibu, mwanangu. Umetoka Unguja au bara?»

«Shikamoo, babu. Natoka Dar es Salaam, ndege yangu ni ya jioni.»

«Marahaba. Basi usinunue upesi. Nusa kwanza.»

Alimwaga mafungu matatu kwenye sinia. La kwanza lilikuwa na rangi ya kahawia, vipande vyenye maganda ya mti ndani yake. La pili lilikuwa la manjano. La tatu lilikuwa na vipande vikubwa, vyeupe vyenye ukijani kidogo, karibu kupitisha mwanga alipovishika juu ya taa. Hilo akaliita hojari. Akachukua kipande kimoja kutoka fungu la kwanza, akakiweka kwenye kaa la chetezo, moshi ukatoka mzito na mkavu kooni. Akasubiri uishe, akaweka kipande cha hojari, na safari hii moshi ulipanda mwembamba, wenye harufu inayokaribia ganda la ndimu. «Nyumbani kwenu mnauziwa ule,» alisema, akionyesha fungu la kwanza kwa kidole. Nilinunua robo kilo ya lile la tatu, na muda wote sikuona kama nimechelewa.

Kiswahili kinasikika Muscat kwa sababu zinazojulikana. Sayyid Said aliuhamishia utawala wake Zanzibar katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, familia zikaishi pande zote mbili za bahari kwa vizazi, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wengi wenye asili ya Oman walihamia huko pamoja na lugha yao. Hata hivyo usidhani kila mtu anaijua, na usiitumie kama mlango wa kuingilia maisha ya watu. Wapo ambao kumbukumbu hizo kwao ni nzito. Anza na «Assalamu alaikum», sema shida yako, na ukiona mzee ameitikia kwa Kiswahili, mpe shikamoo yake. Wauzaji wengine wengi wanatoka India, Pakistan na Bangladesh, na kwao Kiingereza chepesi kinatosha.

Viko vitu viwili vya sokoni vinavyowatia wasafiri matatani. Jambia, lile la kiunoni lenye ala ya fedha, ni kitu kizuri sana, lakini ni silaha, na mizigo yako mikubwa imekwisha kuondoka mikononi mwako tangu ulipoanza safari. Ukilinunua utalazimika kupita nalo kwenye ukaguzi wa begi la mkononi, ambako halitapita. Halua nayo, ambayo ni ile ile ya samli, iliki na zafarani tunayoijua Zanzibar, ni laini, na wakaguzi wanaweza kuihesabu pamoja na vimiminika. Uile pale pale sokoni, kwa kahawa, na ubebe kumbukumbu.

Angalia saa hapa kuliko mahali pengine popote. Duka nyingi hufungwa mchana, takriban kati ya saa saba na saa kumi, na Ijumaa asubuhi soko huwa kimya. Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo anayetua Ijumaa asubuhi aufute mpango wa msikiti na soko, akae Kornishi na mji wa kale. Na anayetua alasiri, siku yoyote, anayo bahati yake, kwa sababu soko hufunguka tena jioni, taa za Kornishi zinawaka, na upepo wa bahari unapoza mawe. Wakati wa Ramadhani usile, usinywe wala usivute sigara hadharani mchana, hata maji ndani ya taksi.

Kwa chakula, usitafute mgahawa wenye sifa. Vioski vilivyo karibu na soko vinauza chai ya karaki yenye maziwa na iliki, na ukibahatika utakuta mandazi, ambayo jina lake huko halijabadilika. Jioni kuna mishkaki, nayo kwa jina hilo hilo. Kama chakula kitachukua zaidi ya nusu saa kuletwa, kitakuwa kimekuibia Mutrah.

Kurudi

Saa ya kuondoka Mutrah iwekwe kama kengele kwenye simu, na kengele ikilia uende, hata kama umebakiza kichochoro kimoja. Katika mfano wetu ni saa saba kasoro robo mchana. Agiza taksi ukiwa kwenye barabara ya Kornishi, usiagize ukiwa ndani ya vichochoro, kwa sababu dereva hawezi kukufikia huko na ramani ya simu huchanganyikiwa chini ya paa. Asubuhi za kazi na jioni barabara kuu hujaa, lakini mchana huo dakika 40 hutosha.

Ukifika uwanjani, kunywa maji yote yaliyobaki kwenye chupa kabla ya ukaguzi, kisha tazama ubao wa ndege kabla ya kutafuta kiti, kwa maana geti lililoandikwa kwenye pasi ya kupandia tangu asubuhi linaweza kuwa limebadilishwa. Nenda msalani ukanawe uso na kubadilisha shati. Weka pasipoti mahali pake, kaa karibu na geti lako, na kama ulinunua ubani, ufunge kwenye mfuko wa pili kabla hujapanda, kwa sababu harufu yake husafiri na aliyekaa jirani nawe huenda hajakulia pwani.